Masika Niliyopoteza S

Jumamosi, 7 Machi 1970

Mvua imeanza leo, katikati ya somo. Ilipiga mabati ya kanisa letu la Sabato kwa nguvu mpaka ikanibidi nisimame kimya na kitabu mkononi. Siku hizi hapa Ekerenyo tuna wageni wengi, makarani na vibarua wa chai kutoka kila upande, ndiyo maana Mchungaji Nehemiah hunitaka nisome kwa Kiswahili baada ya somo kusomwa kwa Ekegusii. Mvua ilipopungua nikaendelea. Nilipomaliza, mzee Onchiri akasimama kule nyuma akasema, "Mwalimu, rudia. Mimi sielewi yote, lakini nataka kusikia tu vile inateremka."

Watu wakacheka. Nikarudia.

Nilizaliwa huku, ila nililelewa Changamwe, baba akifanya kazi ya reli. Majirani zetu walikuwa watu ambao hata wakitumana chumvi dukani walichagua maneno. Nilirudi huku na masikio hayo. Neno kama "sisimizi" hunifurahisha mdomoni kabla sijamfikiria mdudu mwenyewe.

Joash, mume wangu, alikuwa upande wa wanaume. Hakucheka. Alitazama viatu vyake mpaka ibada ikaisha.

Jumanne, 10 Machi

Joash ana kigugumizi. Nakiandika hapa kwa sababu nyumbani neno hilo halitajwi. Alinisikia nikisoma kwenye makambi ya kanisa, miaka saba iliyopita, akaja kuniambia kwamba ameipenda sauti yangu. Ilimchukua muda mrefu kulimaliza sentensi hiyo, nami nikasubiri, nikamwona mtu mpole. Tangu tuoane, neno likimkwama mimi humalizia. Nilidhani ninamsaidia.

Leo jioni alitaka kusema habari ya mizani ya kituoni, maana yeye ndiye karani wa kituo cha kununulia chai. "Mi-mi-mi..." Nikasema, "Mizani." Akanipiga kofi. Halafu akaendelea kula.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Kuni zote zimelowa.

Jumapili, 15 Machi

Wanawake wanaoleta majani kituoni walimwigiza Joash. Nimesikia kwa watu wawili. Alikuja nyumbani uso umemjaa. Nilikuwa nimejiapiza kutommalizia maneno tena, basi aliponiuliza chakula kiko wapi, ulimi ukamkwama kwenye "ch", nikanyamaza nikamngoja. Nilimtazama usoni kama mtu anavyomtazama anayesema naye.

"U-unanitazama kama ng'ombe!" Hilo lilitoka lote.

Alinishika kisogo, akachukua ugali wa moto kwa mkono wake mwingine akanisokomezea mdomoni, tonge juu ya tonge, mpaka ukanifika kooni. Nilidhani nitakufa nikiwa nimepiga magoti karibu na figa. Bonareri, binti yetu wa miaka minne, alikuwa amejibana nyuma ya mtungi. Alipotoka nje Joash, nilijitia vidole nikatapika.

Mama mkwe wangu, Nyangate, ana nyumba yake hapo hapo uani. Alinikuta naosha kifua. Akasema, "Mdomo wako ndio unamchokoza."

"Nilinyamaza, Mama."

"Basi hata kunyamaza kwako kunapiga kelele."

Kaakaa limetoka malengelenge. Ninamchukia mwanamke huyu.

Jumatatu, 16 Machi

Nimefundisha kwa kuandika ubaoni.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua ya mawe. Majani machanga ya chai yametobolewa kama yamepigwa risasi. Joash amekuwa mwema tangu juzi, amenichotea maji mwenyewe. Alipokuwa akivaa gumboti aliimba. Akiimba hakwami hata kidogo. Nilikaa ndani nikamsikiliza, nikamwonea huruma, nikajikasirikia.

Jumatatu, 23 Machi

Kesho Bwana Tarafa anakuja kituoni. Joash ndiye atasoma taarifa ya wakulima. Amekuwa akiisoma peke yake shambani, nyuma ya migomba, tangu asubuhi. Nimeisikia. Amekwama mahali pale pale kila mara, kwenye neno "tunashukuru". Nilitamani kumwambia abadilishe neno, aseme "asante" tu. Sikuthubutu.

Jumatatu, 30 Machi. Hospitali, Kisii

Leo ndiyo siku ya kwanza mkono unakubali kushika kalamu. Nitaandika yote, niyaweke mahali.

Siku ile kituo kilijaa. Bwana Tarafa alikaa kitini chini ya mwavuli, na sisi walimu tulikuwa tumeitwa pamoja na watoto waimbe. Joash alisimama akasoma vizuri mstari wa kwanza. Akafika pale. "Tu-tu-tu-tu..." Mshipa wa shingo ulimsimama. Mtu akacheka kwa pua, kisha kundi zima la vijana. Joash akanitazama. Naapa kwamba alinitazama, na katika macho yake niliona ombi. Nikasema kutoka pale nilipokuwa, "Tunashukuru."

Kituo kizima kikapasuka kwa kicheko. Bwana Tarafa naye akacheka, akasema, "Basi mama asome!" Wakanisukuma mbele. Joash akanipa karatasi mwenyewe. Ningefanya nini? Nilisoma. Nilitaka kusoma vibaya lakini mdomo wangu haujui. Watu wakapiga makofi, na wale vijana wakaitikia mwisho wa kila mstari kama kanisani.

Joash alinitangulia nyumbani. Jua lilikuwa bado liko juu na mvua inanyesha hapo hapo. Nilipoingia alikuwa nyuma ya mlango na mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilinipata begani, la pili mbavuni. Nilikimbilia mlango. Haukufunguka. Nilivuta kwa mikono miwili, nikadhani mbao zimevimba kwa mvua, nikapiga kelele, nikaita kila jina ninalolijua. Akanigeuza. Alinilaza chali akaweka goti kifuani. Akanishika taya, akaupanga mdomo wangu kama mtu anayepanga kuni ya kupasua, akapiga kwa ncha ya mpini. Nilisikia meno yakivunjika kutoka ndani, kwenye masikio. Akapiga tena. Meno mengine nilimeza. Alipokuwa akipiga alikuwa akisema, na hakukwama popote: "Soma sasa. Soma. Soma sasa."

Bonareri aliona yote.

Meno ya mbele ya juu hayapo, na mawili ya chini. Mdomo wa juu umeshonwa kuanzia karibu na pua.

Jumanne, 31 Machi

Mama mkwe alikuja na uji kwenye chupa. Aliniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Polisi wakija, sema uliteleza. Mvua hii, nani hatakuamini?"

Baadaye Mchungaji Nehemiah naye akaja, akaomba, akasema, "Tumesikia uliteleza, mama." Muuguzi tayari alikuwa ameandika hivyo.

Teleza. Ni neno zuri, lenyewe linateleza. Niliwahi kuwafundisha watoto walitamke polepole walione linavyokwenda. Sasa kila mtu ananiwekea mdomoni.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimejaribu kusema. S haipo, inatoka upepo na mate. Z imekwenda nayo. F na V zinataka meno ya juu yakutane na mdomo wa chini, na meno ya juu hayapo. Nimesema "siku" ikatoka "thiku", nikasema "safari" ikatoka kitu ambacho si neno. Mgonjwa wa kitanda cha pili alidhani nimelewa dawa. Nikavuta blanketi nikalia bila sauti, maana hata kulia kunafungua nyuzi.

Kwenye karatasi S zangu zote zipo. Ninaziandika hapa moja moja na hakuna anayezipiga.

Jumatano, 8 Aprili

Kaka yangu Thadeus amekuja kunichukua. Yeye ana bucha sokoni Nyamarambe. Aliniangalia. Alitoka nje, na dirishani nilimwona akipiga ukuta wa hospitali kwa ngumi.

Nilimwambia askari aliyekuja kwamba sikuteleza. Ilinibidi nirudie mara tatu ndipo aelewe. Aliandika.

Jumapili, 12 Aprili. Nyamarambe

Mvua. Bonareri yuko kwa bibi yake. Wanasema mtoto ni wa kwao.

Jumamosi, 18 Aprili

Sikwenda kanisani. Esnah, mke wa Thadeus, ananisagia ndizi na kunipa kwa kijiko kama mtoto mchanga. Hanicheki. Ni mtu mwema kuliko nilivyomdhania.

Jumatano, 22 Aprili

Nimerudi kutoka Ekerenyo na nguo zangu zina damu, ila leo si yangu.

Tulikwenda kumchukua Bonareri. Thadeus alisema tutazungumza tu, lakini alikuja na binamu zetu wawili, na chini ya koti alikuwa na rungu. Nyumbani hapakuwa na mtu. Mama mkwe alikuwa amemficha mtoto. Wakaenda kituoni, nami nyuma yao, nikiwaambia tuache, na hakuna aliyenielewa au aliyetaka kunielewa.

Ilikuwa siku ya kununua chai. Joash alikuwa kwenye mizani. Thadeus hakumsalimu. Alimpiga rungu la mkono, nikasikia mfupa. Sauti ile ni fupi, kavu. Nitaandika ukweli: ilinipendeza. Niliisikia kama nilivyokuwa nikisikia neno zuri, mwili mzima.

Wakamwangusha kwenye majani. Walimpiga mateke ya mbavu, ya mgongo, ya uso. Wakulima walikimbia na vikapu vyao. Joash alijaribu kuomba. "Ni-ni-ni-ni-ni..." Mmoja wa binamu akasema, "Anatuchezea huyu!" wakaongeza. Kila alivyojaribu ndivyo walivyompiga. "Ni-ni-ni..." Damu ilimtoka puani ikaingia kwenye lile neno.

Mimi peke yangu nilijua anataka kusema nini. Kumalizia maneno yake ndiyo kazi niliyoifanya tangu tuoane. "Nihurumieni." Nilisimama pale, nikalijua lile neno lote, nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka jicho lake moja likafumba.

Halafu nikapiga kelele, "Bathi! Thadeuth, bathi!" Nikajitupa juu yake. Teke moja lilinipata mimi. Hapo ndipo wakaacha.

Joash alinitazama kwa lile jicho lililobaki. Sijui aliona nini.

Alhamisi, 23 Aprili

Polisi wamemchukua Thadeus. Esnah amenifungia mlango wa jikoni.

Jumanne, 28 Aprili

Thadeus amepewa dhamana. Hatuzungumzi juu ya jambo lile. Anakata nyama kama kawaida, nami siwezi kukaa karibu na bucha yake anapovunja mifupa.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua usiku na mchana. Mto umebeba daraja.

Jumamosi, 9 Mei. Nimelala Ekerenyo kwa mwalimu mwenzangu Loice

Baraza la kanisa limeniita leo, baada ya ibada. Walikuwa wazee wa kanisa, Mchungaji Nehemiah, Joash akiwa na mkono kwenye plasta, mama mkwe, Thadeus na Esnah. Bonareri alikuwa amekaa mapajani mwa bibi yake. Walimleta makusudi. Mwanangu alinitazama mdomo, akageuza uso.

Mchungaji ana sauti nzuri, siku zote nimempenda kwa hiyo. Alisema juu ya subira, juu ya siri za nyumba, juu ya usalama wa watoto. Maneno yalishuka kama mafuta. Niligundua kwamba nilikuwa nimefumba macho, nikitikisa kichwa kwa mwendo wake. Nikayafumbua kwa hofu.

Halafu akafika penyewe. Nikisema kwamba nimemsamehe mume wangu, nikarudi nyumbani, Joash ataondoa kesi ya Thadeus na mimi nitaondoa yangu. Mtoto nitakuwa naye. "Ni neno moja tu, mama. Sema nimesamehe."

Esnah alinishika mkono. "Sema, dada. Nina watoto watano. Sema."

Thadeus alitazama dari.

Nilimtazama Bonareri. Nikafungua mdomo kulisema. Naandika hili ili nisije nikajisifu baadaye: nilitaka kulisema.

"Nimetha... nimethame..."

Mzee mmoja akaziba mdomo kwa kofia yake. Mwingine akacheka kabisa, halafu kicheko kikapita benchi kwa benchi, kile kile cha kituoni. Nikamwona Joash. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesawijika kama mtu aliyepigwa. Kicheko kile alikijua toka utotoni, na yeye ndiye aliyenipa mimi.

Nikafuta mate kidevuni. Nikasema, "Hapana."

Lilitoka zima. Halina S, halina Z, halidai jino lolote. Kovu la mdomo liliuma kwenye P, lakini lilitoka zima, likasikika mpaka nje.

"Unasemaje?" Mchungaji akauliza.

"Hapana. Alinipiga."

Esnah aliniachia mkono kama aliyegusa moto. Mama mkwe akambeba Bonareri akatoka naye kwenye mvua.

Jumapili, 10 Mei

Sina pa kwenda. Esnah hataki nirudi kwao, na ana haki. Loice amenipa chumba cha nyuma.

Jumatano, 20 Mei

Nimerudi darasani. Watoto walinyamaza kimya kiasi kwamba nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Nikasoma hadithi hivyo hivyo. Aliyecheka hakuwepo. Kijana mmoja alilia.

Ijumaa, 29 Mei

Mvua inapungua.

Jumatano, 3 Juni. Kisii

Kesi zote mbili zimesikilizwa leo.

Thadeus alikiri. Miezi minne. Esnah alipiga ukunga uliosimamisha watu barabarani. Hakunitazama.

Joash alikana. Alisema, kwa taabu kubwa, kwamba niliteleza. Neno hilo lilimkwama kwenye "te" na chumba kizima kikangoja. Nami nilitoa ushahidi wangu kwa meno yaliyobaki. Mkalimani aliniuliza maneno upya mara nyingi, akayapeleka kwa hakimu yakiwa safi, na nilipoyasikia yakiwa safi sikuyatambua.

Kisha akaitwa Nyangate. Alikuja kama shahidi wa mwanawe. Wakili akamuuliza kama aliona mkwewe akianguka. Mama mkwe alishika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili. Ni mikono mikubwa, ya kulima.

"Mimi nilimzaa huyu," akasema kwa Ekegusii. "Watoto wenzake walimcheka, mimi nikawapiga wote. Nimempigania tangu hajui kutembea. Siku ile alipotoka kituoni nilimwona uso. Nikajua."

"Ulijua nini, mama? Kwamba mkwe wako aliteleza?"

"Hakuteleza. Nilikuwa nje. Nilishika mlango."

Mkalimani akasita. Hakimu akamwambia aulize tena.

"Nilishika mlango kwa mikono hii, majirani wasiingie na yeye asitoke. Alikuwa anavuta kwa ndani, na mimi navuta kwa nje. Alikuwa ananiita mimi. Nikashika mpaka sauti yake ikanyamaza."

Nilikuwa nimedhani ni mbao zilizovimba. Nilitaka kumrukia, nimng'oe macho kwa kucha. Na wakati huo huo nilijua kwamba ameniokoa, na kwamba ndani ya nyumba ile nzima yeye peke yake ndiye aliyesema. Hasira ile na shukrani ile zimo mwilini mwangu mpaka sasa, hakuna iliyoishinda nyingine.

Mwaka mmoja na nusu, kwa Joash.

Nje, walipokuwa wakimpandisha kwenye gari la polisi amefungwa pingu mkono mmoja, Bonareri alichomoka kwa bibi yake akakimbia akilia, "Baba! Baba!" Askari, mtu wa mbali, akamwinua ampeleke kwa Joash. Hakujua kwamba kwetu, kwa Ekegusii, "baba" ni mama. Mtoto akarusha mateke. Ni Joash aliyesema. Alipigana na neno lile, shingo yote ikamtetemeka, mimi nikiwa hatua chache, nikimngoja.

"Ma-ma-mamake," akasema. "Anamwita mamake."

Askari akamweka chini. Mtoto akanijia.

Nyangate alipita karibu yangu akielekea stendi. Alisema, "Nguo za mtoto nitazituma." Akaenda zake kwa miguu.

Jumapili, 14 Juni

Mvua imekwisha. Anga limeoshwa, na vilima vya upande wa Nyamira vinaonekana mpaka mti mmoja mmoja.

Bonareri hasemi sana. Wiki nzima amekuwa akinitazama mdomo ninapozungumza. Leo asubuhi Loice alimuuliza anataka chai au uji, naye akajibu, "Thitaki. Nimethiba." Loice akacheka, akadhani ni utoto. Mimi niliacha jembe lianguke. Mtoto huyu ana meno yake yote. Alikuwa akisema S tangu ana miaka miwili.

Nilimkalisha juu ya gunia, jua likimpiga usoni. Nikamwambia afunge meno, yagusane. Nikamwekea kidole kwenye yale ya mbele, madogo, meupe.

"Ulimi ukae ndani. Uthi... usitoke." Kwenye karatasi naweza. Pale sikuweza. "Haya. Thatha."

"Thatha," akasema.

"Hapana. Thi kama mimi."

Akanitazama mdomo, akanitazama macho. Nikaona anaogopa, kana kwamba akilisema vizuri ataniacha peke yangu. Nikamgusa meno tena. Nikapuliza hewa polepole kati ya yale niliyobaki nayo, filimbi mbovu, nikamwonyesha njia tu.

Akafunga meno.

"Sasa," akasema.

"Tena."

"Sasa. Sasa. Sasa."

Alilisema mpaka likawa mchezo, akazunguka nyumba analisema, kuku wakimkimbia. Mimi nikaokota jembe nikaendelea kupalilia, nikimsikia.